Gitare ni ya nani? Maneno juu ya orkestra za miji yetu

(Maneno haya yalisemwa Bunia, mbele ya wanachama na wageni, siku ya mkutano mkubwa wa mutuelle. Tumeyaandika karibu sawa vile yalivyosemwa.)



Komite ilituomba sisi watu wa tereni tuseme kidogo juu ya muziki. Tunajua wengine mulicheka mulipoona ajenda ya leo: mabati, mbegu, madeni ya likelemba, kisha muziki. Mama mmoja alitukamata pale mlangoni, akatuambia bila kuficha: “Banangu, gitare haifunikake nyumba. Mvua ikinyesha, tutajifunika na wimbo?”

Mama huyu ana haki. Nyumba yake bado iko na turubai upande mmoja, na sisi wenyewe tuliihesabu. Hatukuja kumpinga. Tumekuja juu ya swali lingine ambalo lazima mutuelle ilijibu leo, maana tusipolijibu sisi, mtu mwingine atalijibu kwa fasi yetu.

Swali ni hili. Vijana tisa wa mutuelle, wasichana wanne na wavulana watano, walianza kuimba pamoja kule Kyangwali, ng'ambo ya ziwa. Munakumbuka mwanzo wa 2018, wakati makumi ya maelfu ya watu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi na kuingia Uganda. Munakumbuka pia kipindupindu kilichozuka kambini mwezi wa pili wa mwaka ule. Vijana hawa, wakati huo wengine walikuwa watoto, waliimba nyimbo za kunawa mikono kwenye foleni ya maji, na ngoma yao ilikuwa jerikani tupu. Mmoja wao alikuwa na gitare kabla ya vita. Aliiacha ufukweni, juu mwenye mtumbwi alimwambia achague: gitare, au mdogo wake.

Leo wamerudi. Wanaitwa kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye sherehe za masomo. Lakini vyombo si vyao. Wanakodi kwa mwenye sono hapa mjini, na jioni, kisha kulipa sono, mafuta ya jenereta na gari, wanarudi nyumbani na pesa ya sabuni tu. Kwa hiyo wameandikia mutuelle barua, wanaomba mkopo wa kununua vyombo. Na wakati huo huo bwana mkubwa mmoja, ambaye hatutamtaja, amewaambia kwamba yeye atanunua vyote, bure. Anataka mambo mawili tu: jina lake liandikwe kwenye ngoma kubwa, na vijana waende kuimba kila anapowaita.

Bure ni neno tamu. Lakini kabla hamujapiga kura, turuhusuni tuwaambie juu ya wanamuziki wa miji yetu, watu waliopita njia ileile mulipopita ninyi. Mambo haya yamekwisha kutokea. Tunaweza kujifunza bila kulipa ada mara ya pili.

Miji yetu inazaa, miji mingine inalea

Ukiuliza mtoto wa Bunia atuambie mwanamuziki mkubwa wa Kongo, atataja Koffi Olomide. Koffi alizaliwa Kisangani, mwaka 1956. Ukimuuliza bibi yake, atataja Abeti Masikini. Abeti pia alizaliwa Kisangani, mwaka 1954, wakati mji uliitwa bado Stanleyville. Mwaka 1973 aliimba Paris katika ukumbi wa Olympia, na mwaka 1974 aliimba New York katika Carnegie Hall. Hawa ni watoto wa jimbo letu la zamani, jimbo la Mashariki, ambalo Ituri ilikuwa ndani yake mpaka 2015. Remmy Ongala, ambaye watu wa Tanzania walimwita Dokta, alizaliwa Kindu, mwaka 1947. Na Innoss'B, ambaye vijana wanamjua kuliko sisi, ni mtoto wa Goma. Wimbo wake Yope alioimba na Diamond Platnumz mwaka 2019 mliusikia hata kwenye moto-teksi.

Angalieni majina haya. Kisangani, Kindu, Goma: si Kinshasa, si Nairobi, si Dar es Salaam. Ni miji ya kadiri, sawa vile Bunia. Inazaa wanamuziki, hakuna shaka. Lakini karibu kila mmoja ilibidi atoke ili asikiwe. Juu ya nini? Juu sauti peke yake haitoshi. Katika miaka ya 1960 na 1970, studio zilikuwa Kinshasa na Nairobi. Viwanda vya kutoa sahani za muziki vilikuwa huko. Vyombo vya umeme viliingia kwa bandari, na aliyekuwa na pesa ya bandari ndiye alikuwa na orkestra.

Kwa hiyo kijana wa mashariki alikuwa na njia mbili. Njia moja ni kushuka mto mpaka Kinshasa, na kule lazima aimbe Kilingala. Njia nyingine ni kwenda upande jua linapotokea: Kampala, Nairobi, Dar es Salaam. Njia hii ya pili ilikuwa na faida moja ambayo ninyi munaijua vizuri: lugha. Mutu wa Kongo akifika Dar, watu wanacheka Kiswahili chake, lakini wanamsikia. Wimbo wake unaingia nyumbani kwa watu siku ileile.

Orkestra yenye jina la mwenye vyombo

Tuanze na Remmy. Alibaki yatima akiwa bado mtoto, akajitafutia maisha kwa ngoma na gitare. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam, ameitwa na mjomba wake, Mzee Makassy, ambaye alikuwa na orkestra yake, Orchestra Makassy. Orkestra hii yenyewe ilikuwa imehama kutoka Kampala. Kisha Makassy akahamia tena Nairobi, lakini Remmy akabaki Dar na kuingia katika orkestra nyingine iliyoitwa Matimila.

Sasa sikieni: Matimila lilikuwa jina la nani? Halikuwa jina la mwimbaji, wala la mji. Lilikuwa jina la mfanyabiashara aliyekuwa mwenye vyombo. Remmy alitunga, Remmy aliimba, watu walijaa ukumbini juu ya Remmy, lakini orkestra ilibeba jina la mwenye gitare. Na hata ilipokua ikawa Super Matimila, ikaenda Ulaya mwaka 1988 na WOMAD, ikatoa albamu na Real World mwaka 1989 na 1992, jina lile liliendelea.

Hatusemi mfanyabiashara yule alikuwa mubaya. Pengine bila yeye Remmy hangekuwa na mahali pa kusimama. Tunasema tu namna mambo yanavyokwenda: anayemiliki vyombo ndiye anayeamua nani anapanda jukwaani, wapi, na kwa bei gani. Mwanamuziki asiye na chombo ni kama mulimaji asiye na shamba. Anavuna, lakini mavuno yanahesabiwa kwenye nyumba ya mwingine.

Na kuna jambo lingine. Mwaka 1990 Remmy alitoa wimbo Mambo kwa Soksi, juu ya ukimwi na kondomu. Redio ya serikali ilikataa kuupiga. Aliimba hivyohivyo, na watu waliusikia. Jiulizeni: kama siku ile mwenye vyombo angesema “wimbo huo hapana”, nani angeimba? Vijana wetu wanaimba juu ya kunawa mikono, juu ya ndoa za watoto, juu ya kugawana shamba bila kupigana. Kesho wataimba juu ya mambo ambayo bwana mkubwa mmoja hataki yasikike. Ngoma yenye jina lake itapiga siku hiyo?

Orkestra yenye chama

Kuna njia nyingine, na haikuanza leo. Mwaka 1964, kule Dar es Salaam, chama cha wafanyakazi kilichoitwa NUTA kiliunda orkestra yake, NUTA Jazz. Vyombo vilikuwa mali ya chama. Wanamuziki walikuwa waajiriwa: walipata mshahara kila mwezi, ukumbi ujae au usijae. Chama kilipobadilisha jina likawa JUWATA, orkestra ikabadilika nayo. Kikawa OTTU, orkestra ikawa OTTU. Leo inaitwa Msondo Ngoma, na bado inapiga. Zaidi ya miaka 50. Waimbaji wengi wamekufa, wengine wamezeeka, wengine walikimbilia orkestra nyingine zenye pesa, lakini orkestra haikufa nao, juu haikuwa ya mtu mmoja.

Lakini tusidanganyane. Chama nacho ni bosi. Orkestra ya chama ilipaswa kusifu chama, na jina lake liligeuka kila mara wakubwa walipogeuka. Kwa hiyo chama kumiliki vyombo haitoshi. Lazima kuwe na sheria zinazomlinda mwanamuziki mbele ya chama chenyewe. Tutarudi kwenye jambo hili.

Mfano wa tatu ndio unaotugusa zaidi, maana ni wa Wakongo wenzetu. Orchestra Maquis du Zaïre ilitoka upande wa Katanga, ikafika Dar es Salaam mwanzo wa miaka ya 1970. Wageni, mbali na kwao, bila ndugu wa kuwatolea vyombo. Walifanya nini? Waliunda kampuni yao wenyewe, wakaiita OMACO, yaani Orchestra Maquis Company. Jina ni la orkestra, si la tajiri. Watu wa Dar waliofika umri wanaikumbuka Maquis mpaka leo, na wazee wanaweza kuwaonyesha namna walivyocheza.

Munaona tofauti? Wote hawa walipiga gitare zilezile, karibu kwa mtindo uleule. Kilichotofautiana ni karatasi ya kununulia. Facture ilikuwa na jina la nani.

Karatasi za kukaa, karatasi za kufanya kazi

Tuvuke sasa tuingie Nairobi. Kule walikwenda Super Mazembe, waliofika mwaka 1974. Mazembe ni zile mashine kubwa za kuchimba barabara. Kule alikwenda Baba Gaston kutoka Lubumbashi, akipitia Dar. Mwaka 1976 sehemu ya wanamuziki wake walimwacha, wakaunda Les Mangelepa. Kule aliunda Samba Mapangala, mtoto wa Matadi, orkestra yake Virunga. Virunga: amebeba jina la milima ya mashariki mpaka Nairobi. Kwa miaka kadhaa, mji ule ulicheza muziki wa Wakongo kila usiku.

Kisha likaja jambo ambalo kila mtu hapa aliyekaa kambini anaweza kulieleza kuliko sisi: karatasi. Katika miaka ya 1980 vibali vya kazi kwa wanamuziki wageni vikawa vigumu. Mtu alikuwa maarufu jukwaani Jumamosi, na Jumatatu yuko kwenye foleni ya ofisi na bahasha ya picha nne. Wengine waliondoka, orkestra zingine zilivunjika. Wimbo wako unapigwa kwenye redio, lakini wewe huna ruhusa ya kuupiga.

Les Mangelepa walivumilia. Zaidi ya miaka 40 kisha kuanza, Ketebul Music ya Nairobi iliwarekodi tena, wazee wale wenye suti. Tunapenda kuwatolea mfano juu ya jambo moja: jina. Walipomwacha bosi, walijipa jina lao, na jina lile ndilo lililowalisha mpaka uzee.

Kwenu ninyi muliorudi, somo la karatasi liko hivi. Sasa muko kwenu. Hakuna mtu wa kuwauliza kibali cha kupiga gitare Mudzipela au Nyakasanza. Huu ni utajiri ambao Mazembe na Virunga hawakuwa nao, na hakuna mfadhili aliyetupa. Itakuwa haya kubwa kama tutarudi nyumbani halafu tuweke vyombo vyetu chini ya jina la mtu mwingine kwa hiari yetu.

Wimbo wa Ituri uko mbali

Sasa tuwaambie hadithi ya hapa kwetu, maana munaweza kufikiri muziki wa Ituri haujafika popote. Umefika mbali kuliko wote tuliowataja.

Katika miaka ya 1950, Mwingereza mmoja mwenye kuchunguza maisha ya watu, Colin Turnbull, alikaa na Wambuti katika pori la Ituri, upande wa Epulu. Alirekodi nyimbo zao. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili angani, Voyager 1 na Voyager 2, na kwenye kila kimoja wakaweka sahani ya dhahabu yenye muziki wa dunia, ili kama kuna viumbe mbali sana, wasikie sisi ni nani. Walichagua vipande 27 tu. Viwili vya Beethoven. Kimoja cha Mozart. Na kimoja cha wasichana wa Kimbuti wa pori letu, wanaimba wimbo wa kutolewa utotoni. Kinachukua sekunde 56. Voyager 1 imekwisha kutoka katika eneo la jua letu tangu 2012, na inaendelea kwenda, na sauti ya wasichana wa Ituri iko nayo.

Tulipowaambia vijana wetu jambo hili, msichana mmoja aliuliza: “Banaitwa nani?” Tukanyamaza. Kwenye orodha limeandikwa jina la nchi, Zaire. Limeandikwa jina la aliyerekodi. Majina ya walioimba hayako.

Hatuna neno la kuongeza hapo. Ila tunaomba mwandike jambo hili kichwani mutakapofika kwenye kura: wimbo unaweza kwenda mbali kuliko kila kitu, na mwenyewe asijulikane hata kwa jina.

Kosa letu wenyewe

Wafadhili wako hapa, na wengine watasoma maneno haya kwenye gazeti letu. Kwa hiyo lazima tuseme na kosa letu.

Miaka ya nyuma, katika kazi nyingine, tulipeleka vyombo kwa kikundi cha vijana katika kijiji kimoja: gitare mbili, mikro, bafle, na ngoma. Siku ya kuvitoa tulipiga picha nzuri. Kila mtu alicheza. Facture na karatasi ya kupokea tuliandika kwa jina la kiongozi wa kikundi, juu ndiye aliyekuwa na kadi ya mchaguzi mfukoni siku ile, na sisi tulikuwa na haraka ya kurudi mjini kabla ya giza. Katika ripoti tuliandika: vyombo vimetolewa, vijana wako na furaha. Vyote viwili vilikuwa kweli.

Miezi michache kisha, kiongozi yule aligombana na wenzake, akaondoka na vyombo vyote. Wenzake walikwenda kushitaki. Wakaulizwa karatasi. Karatasi ilikuwa na jina lake. Kesi ikaisha hapo. Kikundi kikavunjika, na msichana aliyekuwa anaimba aliolewa mwaka ule, akiwa bado mdogo sana. Hatusemi gitare ingezuia ndoa ile. Lakini kabla ya hapo alikuwa na sababu ya kukataa, na kisha hapo hakuwa nayo tena.

Kosa lile lilikuwa letu. Kiongozi yule alifanya alichoruhusiwa na karatasi, na karatasi tuliandika sisi. Tulisoma chuo kikuu miaka mitano kwa ajili ya kujua kuandika karatasi.

Tunavyopendekeza

Kwanza, mabati hayaguswi. Mfuko wa mabati na mbegu ubaki palepale. Mama wa mlangoni, umesikia? Nyumba yako iko mbele ya gitare. Pesa ya vyombo itoke kwenye mfuko wa mikopo midogo, ule unaokopesha wauza samaki na washona nguo, na irudi sawa vile wao wanarudisha. Vijana hawaombi zawadi. Tusiwape zawadi.

Pili, facture na kitabu cha mali viandikwe kwa jina la mutuelle. Kila chombo kichorwe namba. Funguo za chumba ziwe mbili, moja kwa mwakilishi wa vijana, nyingine kwa mama mtunza hazina, na mlango usifunguke bila wote wawili.

Tatu, mapato. Kila sherehe, kwanza toeni mafuta na gari. Kinachobaki kigawanywe mafungu matatu: moja la kulipa mkopo, moja la wanamuziki wenyewe, moja la kutengeneza vyombo, maana waya inakatika na bafle inalia vibaya. Mkopo ukiisha, lile fungu la kwanza ligawanywe nusu kwa wanamuziki na nusu kwa mfuko wa mabati. Hapo ndipo gitare itaanza kufunika nyumba.

Nne, na hapa tunalinda vijana mbele yetu sisi wenyewe: vyombo ni vya mutuelle, lakini nyimbo ni za watunzi. Kuwe na daftari. Kila wimbo uandikwe ndani, na jina la aliyeutunga, na tarehe. Siku moja daftari hilo litawasaidia kufika SOCODA, shirika la nchi yetu linaloshughulika na haki za watunzi. Komite haina ruhusa ya kuwaambia waimbe nini. Haiwezi kuwakodisha kwenye mkutano wa siasa bila wao kukubali. Anayetoka kwenye kikundi, anatoka na jina lake na nyimbo zake, anaacha chombo.

Tano, si lazima vyote vitoke dukani. Wenzetu wa Mahagi na wa upande wa Arua wanajua adungu, ile nanga ya mbao na ngozi ambayo inatengenezwa ndogo, ya kadiri na kubwa, sawa vile watoto wa nyumba moja. Wale waliokaa Uganda mumeona makanisa yanavyoimba nayo. Fundi wa mbao anaweza kuitengeneza hapa hapa. Haitaki jenereta. Tukianza na adungu tatu na gitare moja, mkopo unapungua, na kijana mmoja anapata kazi ya kuchonga.

Sita ni neno gumu, na tulifikiri sana kabla ya kuliweka. Iandikwe kwenye sheria: kama tutakimbia tena, nani anabeba nini. Mungu atuepushe. Lakini munajua nchi yetu. Mulikimbia 2003, mukakimbia tena kisha 2017, na kila mara tulipoteza vitu juu hakuna aliyejua ni vya nani kuvibeba. Tuandike: mikro ni ya huyu, daftari la nyimbo ni la yule. Gitare ikibaki, ibaki. Mtoto ndiye wa kwanza, sawa vile yule kijana alivyochagua ufukweni, na alichagua vizuri. Daftari ni jepesi, lipite ziwa kila mara.

Kwa marafiki wanaosaidia

Neno moja kwenu munaotuma msaada. Tunajua munauliza viashiria: watu wangapi, mara ngapi. Tutahesabu, na tutawatumia daftari la mapato sawa vile liko, hata mwezi ambao sherehe zilikuwa mbili tu. Tunaomba jambo moja. Kama munataka kuongeza kitu kwenye mkopo huu, ongezeni bila kuomba jina lenu liandikwe kwenye ngoma. Ngoma itakuwa na namba tu. Jina litakalochorwa mbele ni lile ambalo vijana watajipa wenyewe, na bado wanagombana juu yake. Wiki iliyopita walikuwa na majina manne.

Na kwa bwana mkubwa, kama maneno yatamfikia, tunamshukuru. Mlango haukufungwa. Akitaka kusaidia, aje akodishe vijana kwa harusi ya mtoto wake, alipe bei ya kawaida, ale, acheze. Huo ni msaada mkubwa.

Wamama na wapapa, tumesema mengi. Mwenyekiti ameangalia saa mara mbili. Sasa ni zamu yenu. Kura ni tatu: kukubali zawadi ya bwana, kukubali mkopo wa mutuelle na sheria hizi sita, au kuacha mambo yakae sawa vile yako. Vijana wako pale nyuma, wamesimama, juu viti viliisha. Hawataimba kabla ya kura. Walisema wenyewe: hawataki mtu apige kura juu ya wimbo mtamu. Apige juu ya karatasi.